Sikio la Longini

Nilimjua kwa shingo kabla sijauona uso wake. Alikuwa amenipa mgongo, kapiga magoti kwenye matope chini ya mti wa kahawa, mbuni wa shemeji yangu Osmundi, na shingo yake imelala upande wa kushoto, kidogo tu, kama mtu anayesikiliza siri ya mtoto. Marehemu mume wangu, Longini, alilaza shingo vilevile kwa miaka yote niliyoishi naye. Kwa mwanamume mrefu mwenye kipara, mlalo ule ulichekesha. Kwa binti huyu mwenye nywele zilizosukwa vizuri ulipendeza, na hilo ndilo lililoniuma kwanza.

"Shikamoo, mama," akasema bila kugeuka.

"Marahaba. Umenionaje, nawe umenipa kisogo?"

"Hatua zako." Ndipo akageuka, akatabasamu, kisha akaona haya. "Samahani, mama. Sikio linazijua."

Longini alizoea kusema kwamba natembea kama mtu anayekanyaga mayai ya jirani. Kumbe hata hilo lilikuwa limechukuliwa.

Shemeji Osmundi, mdogo wa marehemu, alisimama kando akiwa ameshika kiuno. "Umeona, shemeji? Kaka amerudi, na safari hii amekuja na shingo nzuri."

"Basi mrudishie koti lake," nikamwambia. "Hilo ulilovaa."

Akacheka, akalifunga vifungo vizuri zaidi. Koti lile nilimpa mwenyewe, siku tulipogawa nguo za marehemu. Viatu vilikwenda kwa mpwa, kofia kwa mlezi wa kwaya, redio kwa baba yangu mdogo. Nguo nilizigawa mimi kwa mikono yangu. Sikio liligawiwa na Kituo cha Mibuni.

Walimvisha Longini utando mwembamba kama wavu wa nywele, misimu miwili ya mwisho ya maisha yake, ukaandika kila kilichopita kichwani mwake alipokuwa akisikiliza miti. Alikubali mwenyewe, akaweka kidole. Baada ya maziko walikuza maandishi yale mpaka yakawa kitu cha ukubwa wa punje ya dengu, wakaipanda punje hiyo nyuma ya sikio la binti huyu, Skolastika Kapinga wa Mbinga mjini. Skola, kwa wanaompenda. Huku kwetu mjane ndiye aliyekuwa akirithiwa zamani, mpaka watu wakaona haya wakaacha. Sikuwahi kusikia marehemu akirithiwa na mwanamke asiyemfahamu.

"Tuendelee," akasema Bwana Magesa, afisa wa Kituo, mtu mpole mwenye kopo la rangi nyekundu mkononi. "Mawingu hayo hayatusubiri."

Skola akachukua nyundo yake ya mpira, akaligonga shina mara tatu, haraka haraka. Akaweka sikio kwenye gome. Akangoja. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, midomo imefunguka kidogo, na mimi nikageuza uso nikatazama bondeni, kwa sababu mtu hatakiwi kumwona mgeni akiwa na uso ule.

"Kimya," akasema hatimaye. "Kulwa."

Magesa akapiga mstari mwekundu.

Kulwa na Doto ni majina aliyowapa Longini. Ni mbawakawa wawili wenye vipapasio virefu kuliko mwili, wa rangi moja ya majivu, na wataalamu huwatofautisha kwa kitone cheusi begani ambacho nacho hufutika mdudu akizeeka. Wakiwa funza hawana hata hicho kitone. Wote wawili wanakaa ndani ya shina la mbuni na kulitoboa. Lakini Kulwa anakula mti ulio hai mpaka unakauka ukiwa na matunda, na Doto anakula ule moyo mkavu wa mti mzee, sehemu ambayo mti wenyewe umekwisha kuisahau. Mbuni wenye Doto utakuzika.

Ukikata mti mmoja, umejua habari za mti mmoja. Mashine za kusikiliza zililetwa zikasikia kila kitu, mchwa, upepo, maji yanayopanda, zikashindwa kuchagua. Kwa hiyo sheria ni hii: palipo na sikio la kuaminika, unakatwa mti wa Kulwa peke yake. Pasipo na sikio, au sikio likikuta Kulwa kila mahali, unachomwa ntambo mzima, yaani mgongo wote wa ardhi kati ya kijito na kijito, kabla mvua za kwanza hazijawatoa wadudu wakubwa wakaruka. Na kahawa iliyobaki nchini iko huku juu kwetu tu, penye baridi. Kule chini joto liliimaliza nikiwa bado msichana.

"Kulwa," akasema Skola kwenye mti uliofuata. Na uliofuata. Na mwingine.

Jua lilipopanda, shamba la Osmundi lilikuwa kama limechinjiwa ng'ombe. Utani ulikuwa umemwisha. "Bwana Magesa, kaka yangu hakuwahi kukuta Kulwa zaidi ya mmoja mmoja. Hii yote imetoka wapi?"

"Hali ya hewa imebadilika, mzee wangu."

Mimi nilijua imetoka wapi. Nilikuwa nimeitazama ile nyundo ya mpira tangu mti wa kwanza. Mara tatu, haraka haraka, halafu basi. Hakuna aliyegonga mara ya nne.

Ile ya nne ilikuwa kazi yangu. Longini alikumbatia shina upande mmoja, mimi nilisimama upande wa pili na mchi wangu mdogo wa kutwangia vitunguu saumu. Nikigonga tatu za haraka, wote ndani walinyamaza, Kulwa, Doto, hata mchwa. Longini alisubiri mti utulie, kisha akatoa vidole viwili pembeni mwa shina ili nivione. Hapo niligonga moja, laini, kama mtu anayebisha hodi penye mgonjwa. Doto ni mjinga, akisikia ile moja hudhani hatari imepita, huanza tena kula. Kulwa hadanganyiki. Sasa ukigonga tatu ukaacha, wote watanyamaza, na kila mti utakuwa wa Kulwa.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuwasikia, hata mara moja. Nilichokuwa nakijua ni vile vidole viwili tu.

Niliwaacha na rangi yao. Nilirudi nyumbani kutia maharage jikoni.

*

Walikuja alasiri, Magesa na Skola. Mlango wangu unalia ukifunguliwa, na ulipolia nilimwona Skola akitabasamu peke yake, tabasamu la mtu aliyefika kwake. Nikamwonyesha kigoda karibu na jiko. Kiti cha Longini nilikuwa nimekiwekea kapu la viazi.

Magesa alikunywa chai yake yote kabla ya kutoa kibao chake cha kioo na kukilaza mezani. "Mama Eulalia, unaijua haki yako. Mwaka wa msiba unaisha Jumapili. Mpaka siku hiyo, ukisema sikio lizimwe, linazimwa. Unaweka kidole gumba hapa. Baada ya Jumapili ni la binti moja kwa moja."

"Likizimwa linakwenda wapi?"

"Linayeyuka. Halirudi tena."

"Na yeye?"

"Ataumwa kichwa siku chache." Akasafisha koo. "Nikuambie ukweli. Kwa lilivyosoma leo, ntambo utachomwa kwa vyovyote. Kwa hiyo usifikirie kahawa. Fikiria moyo wako."

Alisema kwa wema, na wema wake ulinifungulia mlango. Nikaangalia lile duara dogo kwenye kioo. Kidole kimoja, na shingo ile ingesimama wima. Longini angebaki pale nilipomweka, chini ya msalaba, asisikilize kitu cha mtu mwingine.

Osmundi akamwita Magesa nje. Nilisikia sauti yake ikiomba, ikikatika, ikiomba tena. Skola akasogeza kigoda.

"Mama, kabla hujaweka kidole. Naomba nikuulize jambo."

"Uliza."

"Sikio linasubiri kitu. Tangu walipolipanda. Nikishagonga, linasubiri. Niliwaambia Kituoni, wakasema nitazoea." Alikuwa anasokota pindo la sketi yake. "Siyo kusubiri kama mtu anavyosubiri chakula kiive. Nina mchumba, mama, yuko kazini Songea. Nakujua kusubiri huko. Ndiko huku."

Nikakoroga maharage.

"Mzee alikuwa na mtu?"

Nilicheka vibaya. "Mwulize mwenyewe. Si unaye?"

"Linajua sauti tu, halijui majina. Lakini asubuhi ulipomtania shemeji yako kuhusu koti, lilitulia. Limekuwa likihangaika miezi yote hii, mama, usiku na mchana, na pale likatulia kabisa. Nikadhani labda ni wewe."

Nilimtazama kidevu. Longini akidanganya alikuwa na ishara moja ambayo hakuijua: alijikuna chini ya kidevu kwa mgongo wa mkono. Alijikuna akisifu ugali wangu ulioungua. Alijikuna siku aliyotoka hospitali akaniambia ni kikohozi tu, Eula. Lakini mikono ya Skola ilikuwa imetulia magotini.

Basi wivu niliokuwa nao ukaondoka, ukaja mwingine mkubwa kuliko ule. Wa kwanza ulikuwa wa kwamba binti huyu anaye. Wa pili ulikuwa wa kwamba ameambiwa. Maisha yangu yote na Longini hakuwahi kunitamkia kwamba ananisubiri. Alitoa vidole viwili, nikagonga, tukaenda mti mwingine. Neno lenyewe amekwenda kulisema kwenye kichwa cha mtoto wa watu, na mimi naletewa kama salamu.

Magesa akarudi. Nikamwuliza, "Mlipomrekodi mume wangu, hamkusikia mtu akigonga?"

"Kulikuwa na kelele za kugonga, ndiyo. Mafundi walizifuta ili sikio liwe safi."

"Kelele."

"Kelele za nje tu, mama. Usiwe na wasiwasi."

Skola aliniangalia. Alikuwa amekwisha kuelewa, niliona. Angeweza kusema yeye. Hakusema. Aliniachia mimi, na hata hilo nilimchukia nalo, kwa sababu ndivyo ambavyo Longini angefanya.

Nikinyamaza, naweka kidole, sikio linamfuata mwenyewe kaburini, na ntambo unawaka: mibuni ya Osmundi, ya akina Ndimbo, ya wajane wenzangu wawili wa kule ng'ambo ya shimo la mawe. Nikisema, mibuni inapona, na binti huyu anazeeka na mume wangu nyuma ya sikio.

Nilikisukuma kibao upande wa Magesa. "Kesho asubuhi."

"Ina maana hutaki kulizima?"

"Sijasema sitaki. Nimesema kesho asubuhi. Malizeni chai."

*

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa kwenye ngoro, yale mashimo tunayochimba shambani kushika maji ya mvua, kama maziwa kwenye vikombe. Nilikwenda shambani kwa Osmundi na mchi wangu ndani ya kanga. Ulikuwa bado unanuka vitunguu saumu.

"Weka nyundo hiyo chini," nikamwambia Skola. "Kaa upande huo. Magesa, wewe na rangi yako simama mbali."

"Kuna nini, mama?"

"Kelele za nje."

Nikapita upande wa pili wa shina. Nikagonga tatu za haraka. Ukungu ukameza sauti. Nikasubiri, na nilikuwa nasali, ingawa sikujua naomba lipi: vidole vitoke au visitoke.

Vikatoka. Viwili, pembeni mwa gome. Kucha zilikuwa na rangi ya waridi, na kwenye kimoja palikuwa na pete ya uchumba. Macho yangu yaliona hivyo. Mkono wangu haukujali. Uliona vidole viwili, ukagonga moja, laini.

Skola akacheka. Kilikuwa kicheko chake mwenyewe, nashukuru, cha juu na cha kitoto. Longini alicheka kama anakohoa.

"Anakula! Mama, anakula, namsikia!"

"Huyo ni Doto."

"Doto," akasema, na machozi yakamtoka. "Limeacha kusubiri."

Osmundi hakungoja Magesa. Alivua koti la kaka yake, akalichovya kwenye maji ya shimo, akaanza kuifuta rangi nyekundu kwenye shina kwa mkono wa koti. Nilitaka kumkemea. Nikaona anavyofuta, nikamwacha.

Tulishuka mstari kwa mstari. Doto. Doto. Doto. Kulwa mmoja, Osmundi akaukata bila kunung'unika. Doto. Mchana watu wa ntambo mzima walikuwa wamekusanyika, kila mmoja akisema waanze na kwake. Skola alikuwa amechafuka matope mpaka usoni, na kila vidole vilipotoka niligonga, na kila nilipogonga nilijisikia mke wa mtu na papo hapo nikajisikia mwizi. Sikujua nani kati yetu wawili ndiye aliyemwibia mwenzake.

Magesa alinisogelea tulipopumzika. "Mama, huu mkono wako nao tunaweza kuurekodi. Utando mmoja tu, msimu mmoja. Siku ukiondoka, tutampa mtu."

Nikawaza mkono wangu kwa mtu mmoja na sikio lake kwa mwingine, wakikutana asubuhi kwenye mibuni, watu wawili wasiotujua.

"Mafundi wako wataufuta," nikamwambia. "Watadhani ni kelele."

*

Mti wa mwisho ulikuwa wa nyuma ya nyumba yangu. Tuliupanda siku ya harusi, mimi nikiwa bado nimevaa gauni la kuazima, na Osmundi, domo kaya, alikuwa amekwisha kumsimulia Skola habari zote. Majani yake ya juu yalikuwa na unjano. Nilikuwa nimejiambia ni jua.

Longini aliusikiliza msimu wake wa mwisho, amekonda, anaegemea shina kuliko kulisikiliza. Niligonga kutoka upande wangu. Aliacha shavu kwenye gome muda mrefu, kisha akaniambia kutoka nyuma ya mti: "Doto, Eula. Twende tukale."

Sasa nikagonga tatu. Vidole vikatoka. Nikagonga moja. Safari hii sikubaki upande wangu. Nilizunguka shina polepole, na hatua zangu Skola hakuzisikia, kwa sababu sikio lote lilikuwa ndani ya mti.

Alifumbua macho, akaniona, akashtuka.

"Doto, mama," akasema. Na mgongo wa mkono wake ukapanda, ukajikuna chini ya kidevu.

Hakujua amefanya nini. Watu waliokuwa wamesimama pale walianza kupiga makofi.

"Rudia," nikasema.

"Ni Doto." Mkono ukapanda tena.

"Osmundi, nipe shoka."

"Shemeji, binti si amesema..."

"Nimesikia alichosema. Nipe shoka."

Nilipiga pigo la kwanza mwenyewe. La pili nalo. Mikono ilipochoka Osmundi akamalizia, na shina likapasuka kwa urefu. Ndani ya mti mbichi, unaotoa maji, alikuwa amelala funza mweupe mnene kama kidole changu cha mwisho. Chini yake palikuwa na njia nyingine, nyeusi, kavu, za misimu iliyopita, na mlango mmoja wa zamani uliofunikwa na kuvu, alikotokea mdudu mmoja akaruka. Nikageuka nikatazama upande wa shamba la Osmundi, kwenye kile kisiki kipya.

"Alijua," nikasema. Hakuna aliyeniuliza nani.

Skola alikuwa analia. "Sikutaka kudanganya, mama. Niliposikia kimya niliona huruma, na sikujua ni huruma yangu au ya nani."

Magesa alikuwa na kibao chake mkononi, hajui akipe au akifiche. "Usikivu tu ndio tuliochukua," akasema. "Hakuna kingine. Sikio haliwezi kudanganya."

"Hili linaweza. Limedanganya mbele yako."

"Basi lizimwe. Kama linadanganya, halifai. Nani atajua siku linapodanganya tena?"

"Mimi," nikasema. "Nileteeni kila msimu, kabla ya mvua. Bila mimi lisisome mti wowote."

"Mama, Kituo kitataka kujua ishara yenyewe ni ipi, ili..."

"Kituo kilipewa sikio."

Alinitazama, akatazama duara kwenye kioo, kisha akakifunga kibao na kukitia mfukoni. Watu walianza kuvuta matawi kwenda kuchoma. Skola alinifuata mpaka mlangoni, anajifuta uso kwa kiganja, na kuutia matope zaidi.

"Mama, umejuaje?"

"Nimeolewa naye," nikamwambia. Nikaufuta mchi kwa pindo la kanga, nikaingia ndani kuurudisha kwenye kinu cha vitunguu.